Daftari la Waliokataa

Kibarua changu cha kwanza hapa mjini nilikipata kwa sababu nilisema najua kuandika, na kosa langu la kwanza kibaruani nililifanya kwa sababu hiyo hiyo. Nalisimulia hapa si kwa kuwa ni kosa kubwa sana, bali kwa kuwa lilinipeleka maktaba, na maktaba ikanionyesha jambo ambalo shuleni hatukufundishwa, au labda tulifundishwa siku ambayo mimi nilikuwa nimelala.

Mwaka wa pili chuoni tulitawanywa kwenda fildi kwa miezi mitatu. Wenzangu wengine wakapata benki, wengine bandari, wengine ofisi za halmashauri zenye feni na chai ya saa nne. Mimi nikaangukia kampuni moja ya nguo Kariakoo, idara ya manunuzi. Usidhani ni idara kama zile za kwenye sinema. Ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka, meza moja ndefu, watu wanne, na vitambaa vya sampuli vimerundikwa mpaka vimeziba dirisha. Mkubwa wa chumba alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu, hata mwenye kampuni, alimwita Shangazi. Unaingia asubuhi, "Shikamoo Shangazi," naye bila kuinua macho kwenye hesabu zake anajibu, "Marahaba mwanangu, hebu nipe ile sampuli ya pili."

Kazi ya mnunuzi wa duka, kwa jinsi nilivyoiona, ni ngumu kuliko ya muuzaji. Muuzaji anahangaika na mteja aliyesimama mbele yake. Akimkosa huyu atampata yule. Mnunuzi anahangaika na mteja ambaye bado hajaja. Leo unachagua, kesho unalipa kiwanda, mzigo unafika baada ya wiki kadhaa kama umetoka hapa hapa mjini, au baada ya miezi kama umetoka India au China, na wakati huo hela imeshatoka. Ukikosea rangi moja, hujakosea mara moja. Umekosea mara elfu, na kila kosa limekunjwa vizuri na kupangwa kwenye shelfu.

Mwezi wa kwanza nilifanya kazi za mwanagenzi: kuhesabu majora, kubandika namba kwenye sampuli, kwenda bandarini na makaratasi. Mwezi wa pili ikaja oda ya kanga. Kanga, kama ujuavyo, ina pindo linalozunguka, ina mji ule wa katikati, na ina jina, yaani yale maneno yanayoandikwa chini. Pindo na mji tulikuwa tumeshavipata. Jina ndilo lililokuwa halijapatikana. Shangazi akanitazama juu ya miwani.

"Wewe si ndo mwandishi? Haya, tupe jina."

Bwana we! Usiku ule sikulala. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Alfajiri nikawa nimepata sentensi ambayo mpaka leo nikiisoma naona ina mvuto wake: WINO WA MOYO HAUKAUSHWI NA JUA. Nikaipeleka. Dada mmoja pale mezani akauliza, "Maana yake?" Nikamweleza kwa dakika kama tano. Shangazi akasikiliza, akasema, "Sawa. Tutaona." Tukaagiza doti elfu moja na mia mbili.

Baada ya wiki tano mzigo ukafika, ukashushwa dukani. Mimi nikawa kila saa natafuta kisingizio cha kuteremka ngazi nione wanawake wakigombania maneno yangu. Wiki ya kwanza ziliuzwa doti kumi na tisa. Wiki ya pili, kumi na moja. Siku moja mama mmoja alichukua ile kanga, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii nikiivaa nampa nani?"

Sikuelewa. Akanielewesha, kwa upole kama anamfundisha mtoto wa chekechea. "Nikitaka kumshukuru mama yangu, kuna kanga. Nikitaka jirani ajue kuwa nimesikia aliyoyasema, kuna kanga. Nikitaka mume wangu ajue nimesamehe, au ajue sijasamehe, ipo. Hii yako inajisemea yenyewe. Hainisemei mimi." Akaikunja vizuri, akairudisha, akanunua nyingine.

Nilipanda juu nikamweleza Shangazi, nikitegemea kufokewa. Hakufoka. Alifungua droo, akatoa daftari jipya la mistari, akasema maneno ambayo ndiyo yaliyozaa makala hii: "Muuzaji anaandika kilichouzwa. Mnunuzi lazima ajue kilichokataliwa. Kaa dukani wiki mbili. Akinunua mtu, usiandike. Akikataa, andika alichokataa na kwa nini."

Basi nikawa karani wa waliokataa. Daftari ninalo hadi leo. "Inachuja, ona kidole changu." "Jina la ugomvi, mi nataka la harusi." "Kisutu gani hiki, nyekundu yake imekuwa chungwa." "Nyepesi, nikisimama juani naonekana miguu." "Pindo limekatwa vibaya, upande huu nene, upande huu jembamba." "Nzuri, lakini kila mtu anayo." "Nzuri, lakini hakuna anayeijua." Wengine hawakusema neno. Walishika ukingo wa kitambaa, wakausugua kwa vidole kutoa wanga, wakatazama kinachobaki, wakaondoka.

Sasa, mwalimu wetu chuoni alitaka ripoti ya fildi iwe na sura moja ya historia ya biashara husika. Mimi nilipanga kuandika kurasa mbili za kuzugia: kwamba zamani watu walivaa ngozi na magome ya miti, wakaja Waarabu, Wahindi na Wazungu na vitambaa vyao, wakavitoa kwa pembe za ndovu, na babu zetu wakapokea chochote walichopewa. Si ndivyo tulivyosoma? Shanga na vitambaa kwa pembe na watu, biashara ya kupunjwa. Nikaenda Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi nikijua ninachokwenda kunakili. Nilipokaa na vitabu, nikakuta kurasa zile zimejaa wateja wa lile daftari langu.

Chukua habari za Stanley, yule mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuja kumtafuta Livingstone. Januari 1871 alifika Unguja, kijana asiyejua lolote kuhusu bara, na anatakiwa anunue vitu vya kumlisha yeye na wapagazi wake njia nzima. Katika kitabu chake anakiri kwamba alichanganyikiwa. Aende na kitambaa kipi? Shanga zipi? Ikabidi amwendee mfanyabiashara wa Kiarabu aliyezijua njia za misafara, amfundishe. Na mafunzo yenyewe si mchezo. Shanga nyeusi zilipita Ugogo, lakini kwingine hakuna aliyezitaka. Zile kubwa zilizoitwa sungomaji zilikuwa mali Ujiji na ng'ambo ya ziwa, kwingine zinakataliwa. Nyeupe zilipita Ufipa, ila ukizifikisha Ukonongo unadharauliwa. Akikosea hesabu, atakuwa amebebesha watu mizigo ya takataka kwa mamia ya maili, na mwisho wa safari hawezi kununua hata mtama. Stanley baadaye alikuja kuwa mtu wa bunduki na damu nyingi, na hilo tusilisahau. Lakini Januari ile, pale Unguja, alikuwa mwanagenzi wa manunuzi kama mimi, anaogopa kukosea rangi.

Miaka 14 kabla yake, 1857, alipita Burton, naye akaandika kwa kirefu juu ya bidhaa za misafara. Anasema aina za shanga zilikuwa kama 400, kila moja na jina lake na mahali pake. Kulikuwa na nyekundu moja iliyopewa jina la kimaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa chakula chake aipate, na jina la pili kivunja mji, kwa kuwa wanawake waliipenda hadi kufilisi nyumba. Vitambaa navyo vilikuwa na makundi: kulikuwa na merikani nyeupe isiyopaushwa, kulikuwa na kaniki ya nili kutoka India, halafu kulikuwa na nguo za majina, yaani zile za rangi na mistari, debwani, barsati, sahari, kila moja na mvaaji wake. Na walipima kwa nini? Kwa shuka, kwa doti, kwa jora. Niliposoma neno doti nilicheka peke yangu maktabani. Asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka kuhesabu doti zangu zilizododa.

Lakini habari iliyonikamata hasa ni ya hiyo merikani. Jina lenyewe linakwambia ilikotoka. Septemba 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja, naye alikuwa mfanyabiashara kutoka Salem, mji wa bandari huko Massachusetts. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba, zikarudi na pembe, sandarusi na ngozi. Kitambaa kile kilikuwa kigumu, kizito, cha kudumu. Kikapendwa pwani, kikapendwa bara, kikawa kama sarafu: mshahara wa mpagazi, hongo ya kupita kwenye nchi ya mtemi, mahari, sanda.

Waingereza hawakufurahi. Viwanda vya Manchester vilikuwa vikubwa kuliko vya Salem mara nyingi, na walijaribu kuleta vitambaa vya kuiga merikani. Wateja wakavishika, wakavigeuza, wakavirudisha. Enzi zile viwanda vya Uingereza vilikuwa na sifa ya kujaza wanga kwenye pamba ili ionekane nzito. Ukifua mara moja, uzito umekwenda na maji. Nilipofika hapo nikawakumbuka wale akina mama wanaosugua ukingo kwa vidole bila kusema neno.

Fikiria jambo hili taratibu. Mtu wa Unyamwezi anakataa kitambaa kwa kuwa ni chembamba au kifupi. Mwenye msafara anarudi Bagamoyo analalamika. Mfanyabiashara wa Kihindi Unguja, aliyemkopesha mwenye msafara, anamwambia Mmarekani: mzigo ule haupiti. Mmarekani anaketi na kalamu, anaandika barua nyumbani, na barua inakwenda kwa meli ya matanga miezi mitatu au zaidi. Barua za namna hiyo zimehifadhiwa, na nyingi zilichapishwa kitabuni mwaka 1965. Ni watu wanaoeleza nini kinauzika na nini hakiuziki, wasije wakaletewa mzigo wa kuwafilisi. Mwaka 1847 kiwanda kikubwa cha pamba cha mvuke, Naumkeag, kilianza kazi pale pale Salem, na Afrika Mashariki ilikuwa mmoja wa wateja wake. Kwa hiyo "hapana" iliyotamkwa chini ya mwembe Tabora ilisikika kwenye kiwanda cha Massachusetts. Ilichelewa, lakini ilifika.

Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ikakosekana, merikani ikapanda bei na kuadimika. Wafanyabiashara wa Bombay, ambao viwanda vyao vya mashine vilianza miaka ya 1850, wakaona mwanya. Hawakuja na kitambaa cha kuwafundisha watu ladha mpya. Walijifunza ladha iliyokuwepo, wakatengeneza kitambaa cha namna ile ile. Mwisho wa karne ile merikani nyingi iliyovaliwa huku haikuwa imeiona Marekani kabisa. Imetoka India, na jina limebaki.

Najua utaniambia: ndugu, usitupambie. Biashara ile ile ndiyo iliyosafirisha watu katika minyororo. Kweli kabisa, na hapo ndipo nilipojifunza jambo zito zaidi kuliko yote. Maana si kila mtu aliruhusiwa kukataa. Mtumwa Unguja hakuchagua nguo. Alipewa kipande cha merikani au kaniki, kigumu, bila rangi ya kufurahisha jicho, na mtu yeyote akimwona njiani alijua hadhi yake kwa kumtazama kiunoni. Kutochagua ndiyo ilikuwa sare yenyewe.

Wakati huo huo, katika robo ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakibuni kitu. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa bado vimeungana katika jora. Badala ya kukata kimoja kimoja, wanakata sita, wanaunga vitatu kwa vitatu, wanapata vazi. Hakuna kiwanda kilichowaambia wafanye hivyo. Wenye maduka walipoona, ndipo wakaagiza vitambaa vipana vilivyochapwa hivyo tangu kiwandani. Ndiyo leso ya Mombasa, ndiyo kanga ya Unguja na Dar es Salaam. Vilichapwa Uholanzi, Uingereza, India, baadaye Japani, lakini mitindo iliamuliwa huku. Na ilibadilika haraka mno. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa 1869, waya wa simu ya maandishi ukafika Unguja 1879, na hata hivyo mwenye duka aliweza kuagiza mtindo unaogombaniwa leo, ukafika wanawake wakiwa wameshauacha. Doti elfu moja na mia mbili! Nilitaka kuwapa mkono hao mabwana walioharibikiwa.

Aprili 1897 utumwa ukapigwa marufuku kisheria Unguja. Sheria ilikuwa na mianya mingi, na watu wengi waliendelea kuhangaika na mashamba na mabwana. Lakini wanahistoria walioandika juu ya miaka ile wanaonyesha kwamba moja ya mambo ya kwanza waliyoyafanya wanawake waliotoka utumwani ni kuacha kaniki na merikani na kuvaa kanga. Sasa na wao wanaingia dukani, wanashika ukingo, wanasema, "Hii siitaki, nipe ile." Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia ya namna hiyo, alifinyanga na kuuza vyungu kabla hajawa sauti iliyosafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodiwa santuri. Nikifikiria kizazi chake, naona kwa nini yule mama aliniuliza "nampa nani" kwa uzito vile. Bibi zake walipigania haki ya kuuliza.

Maneno ya Kiswahili juu ya kanga yalienea mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Pale Mombasa, nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla", ni miongoni mwa zilizosifika kwa kazi hiyo. Na mwenye duka ambaye hakuwasikiliza wanawake, shelfu zake zilimwambia.

Hapa ripoti yangu ingeweza kuishia kwa furaha. Lakini nina bibi yangu Temeke, na jioni moja nilimsomea nilichoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeruka miaka yetu."

Miaka yao, yaani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imejenga viwanda vyake. Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Dar es Salaam 1968, Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kulikuwa na Mutex. Kwa mara ya kwanza kanga ilichapwa nyumbani, kwa pamba ya nyumbani. Kisha ikaja vita na Idi Amin 1978 na 1979, bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni, vipuri havipo, mashine zimelala. Mwaka 1983 serikali ikawa inawasaka wahujumu uchumi, na nguo ilikuwa kitu cha kufichwa. "Tulipanga foleni tangu saa kumi za usiku," bibi akaniambia. "Ukifika mbele huulizi rangi wala jina. Unauliza kama ipo. Mwaka mmoja mtaa mzima tulivaa kanga moja, tukawa kama wanafunzi." Alicheka, lakini hakuwa anafurahi.

Bajeti ya 1984 ikalegeza kamba: wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Enzi ya Mzee Mwinyi milango ikafunguliwa zaidi. Mitumba ikarudi kwa wingi, na viwanda vyetu vingi, ambavyo tayari vilikuwa vinaumwa, vikashindwa kusimama.

Kwa hiyo siku iliyofuata, nikiwa na daftari langu, nilikwenda Karume kutazama belo likifunguliwa. Belo la kilo 45 limefungwa nailoni na mikanda, na aliyelinunua hajui kilichomo ila kwa jina la kundi: mashati, magauni, nguo za watoto. Amelipa kabla ya kuona. Mikanda inakatwa, watu wanakaa kimya kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Siku ile yakatoka magauni mazuri kama kumi, yakanyakuliwa. Halafu yakaanza kutoka makoti ya baridi. Koti, koti, koti. Dar es Salaam, Desemba! Kijana mwenye belo alikaa chini juu ya ule mfuko, akashika kichwa.

Wateja wakapita, wakashika, wakakataa, kama walivyokataa bibi zao. Macho ni yale yale, vidole ni vile vile. Lakini nikajiuliza: hii "hapana" ya leo inakwenda wapi? Ile ya Tabora ilifika Salem. Hii ya Karume inaishia kwa kijana aliyeketi juu ya mfuko. Yule aliyelitupa koti huko Toronto hajui, aliyelifunga belo hajali, ameshalipwa. Hasara yote ya kukataliwa imemwangukia mtu asiyechagua chochote.

Wakubwa nao walijaribu kukataa. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu cha Marekani kikalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatishia kutuondoa kwenye mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia kule bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema, nasi na Uganda tukafuata. Rwanda ikashikilia msimamo, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Sisemi mitumba ni shetani. Mimi mwenyewe shati nililovaa nikiandika haya ni la Karume, na watu wengi wanakula kwa kazi hiyo. Nasema tu kwamba mwaka 1847 wafanyabiashara wa Marekani waliisikiliza "hapana" yetu wakabadilisha mzigo, na mwaka 2018 walitutoza faini kwa kuitamka.

Nilipomaliza fildi, Shangazi alisoma ripoti yangu yote, akanirudishia na swali moja kwa penseli pembeni: "Na ile kanga yako?" Doti zaidi ya elfu moja zilikuwa bado stoo. Ziliuzwa kwa hasara, nyingi zikaenda kwa mafundi wa kushona mapazia na foronya. Hasara ile hakumbebesha muuzaji wa dukani, wala hakuipakaza kiwanda. Aliiandika kwenye vitabu kwa jina la chumba chetu. Mnunuzi amekosea, mnunuzi alipe. Nimeona wakubwa wachache wa namna hiyo.

Nasi tunaotaka kuandika, tunaobadilishana kurasa hizi, tuna tabia ya kumlaumu msomaji. Eti Waswahili hawasomi. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Siku hizi hadithi yangu ikirudishwa, au nikimsomea mtu akaanza kutazama dirishani, natoa lile daftari la mistari na kuandika alipochoka na kwa nini. Lina kurasa nyingi.

Doti moja ya ile kanga niliinunua mwenyewe, nikampelekea bibi. Nilimkuta baada ya mwezi amemfunga nayo kitukuu mgongoni, maneno yangu yamekunjwa chini ya matako ya mtoto. Nikamuuliza, "Bibi, jina umelisoma?"

"Nimelisoma," akasema. Akashika ukingo, akausugua kidogo kwa vidole. "Kitambaa kizuri lakini. Hakichuji."